Motakaa Yetu na Njia ya Iringa



Siku hizi walimu wengi, na wauguzi, na wenye biashara ndogo, hununua motakaa iliyokwisha kutumiwa na watu wengine. Sifa za motakaa mpya tunazisoma kila mahali. Lakini habari za motakaa kuukuu, ile ilalayo njiani na mwenyewe asikubali kuiacha, ni nadra kuandikwa, ingawa ndiyo waliyo nayo wengi. Basi nimeona vema niwaandikie habari za motakaa yetu, tuliyokaa nayo miaka 16, tangu 2008 hata 2024, na habari za njia iliyotujulisha tabia yake yote, ndiyo njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa. Jina la kiwanda chake silitaji, kwani yaliyotupata ni ya chombo kimoja kilichozeeka, wala si haki kuwahukumu walioiunda kwa ajili ya uzee wake.

JINSI ILIVYOTUFIKIA

Sisi tunakaa Kibaha, na Mama yangu alikaa kijijini karibu na Iringa. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ndiye aliyeweka akiba katika chama cha kuweka na kukopa cha walimu, na kwa mkopo ule tulinunua motakaa ndogo nyeupe, ya milango minne na buti nyuma, iliyoundwa 1995 na kuletwa kwa meli kutoka Japani.

Huenda wengine wakajiuliza kwa nini motakaa nyingi namna hii hutoka Japani. Sababu moja ni kwamba Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Sababu ya pili ni sheria yao ya ukaguzi. Motakaa mpya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Basi mwenye motakaa ya miaka mingi huona afadhali kuiuza kuliko kuilipia tena. Hivyo kinachomchosha mtu wa huko humfurahisha mtu wa huku, naye hukipokea pamoja na uchovu wake.

Watoto wetu wanne waliiita Konokono, kwa kuwa ilikuwa nyeupe, tena haikuwa na haraka. Jina hilo likashika.

Mke wangu alianza daftari lake siku ile ile ya kwanza. Humo aliandika kila lita ya mafuta, kila tairi, kila plagi, na kila siku tuliyosukuma. Mambo mengi ninayowaambia hapa yametoka katika daftari hilo, wala si katika kumbukumbu zangu tu.

TOKA PWANI HATA MOROGORO

Motakaa ya kwanza kulivuka bara la Afrika toka bahari hata bahari iliondoka hapa hapa Dar es Salaam, tarehe 10 Agosti 1907. Mwenyewe alikuwa Paul Graetz, afisa wa Kijerumani, na chombo chake kilitengenezwa Gaggenau, nchi ya Ujerumani. Alifika Swakopmund, kwenye pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Hesabuni wenyewe: ni siku 630. Nalikuwa nikiwaambia watoto habari hii kila tulipokawia, nao walitulia kidogo.

Leo kutoka Dar es Salaam hata Iringa ni kilometa 500 kasoro kidogo, na basi zuri hulitimiza jambo hilo mchana mmoja. Sehemu ya kwanza ni nyepesi kwa injini, lakini ni nzito kwa moyo, kwani malori ni mengi mno. Ukitoka Kibaha unapita Mlandizi, unavuka mto Ruvu ambao mji wa Dar es Salaam hunywa maji yake, kisha unafika Chalinze. Hapo njia hugawanyika: ya kulia huenda Tanga, Moshi na Arusha, nayo ya kushoto huenda Morogoro. Katika sehemu hii Konokono haikutusumbua sana. Iliwahi kupasua tairi mara mbili, na mara moja mkanda wa dainamo ulikatika karibu na Mikese, tukaendelea kwa nguvu ya betri hata Msamvu.

Milima ya Uluguru huonekana mbali kabla ya mji, imevaa wingu kama mtu aliyejitanda shuka. Zamani nchi yote ya chini ilijaa mkonge, mmea ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na hata sasa yako mashamba ambayo mistari yake imenyoka kama maandishi ya daftari. Tangu 2024 gari moshi la umeme hutoka Dar es Salaam kuja Morogoro, na wasafiri wengi wameliacha basi. Lakini mwenye kwenda Iringa hana gari moshi. Hata reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 hata 1975, haipiti mjini Iringa. Yapita Ifakara kisha Makambako. Kwa hiyo mtu wa Iringa ni mtu wa barabara tu.

MBUGA YA MIKUMI

Baada ya Morogoro barabara huingia katika Hifadhi ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964. Hapo njia kuu hupasua mbuga katikati, yapata kilometa 50, na tembo, nyati, twiga na nyani huvuka wapendapo. Viko vibao vinavyowaonya madereva juu ya mwendo wao, tena vinavyotangaza faini atakayotozwa mtu kwa kila mnyama atakayemgonga. Watoto walipenda kuvisoma kwa sauti, wakilinganisha thamani ya twiga na ya ngiri.

Hapo ndipo mahali pabaya pa kulaliwa na motakaa, kwani haifai kushuka. Mwaka 2011 ilizimika katikati ya mbuga, saa sita mchana. Haikuwa na kasoro tuliyoweza kuiona. Mafuta yalikuwamo, na betri ilikuwa na nguvu. Tulikaa ndani tumefunga vioo nusu, nyani wakakaa juu ya boneti wakitutazama kama sisi ndio maonyesho. Baada ya dakika 40 ikawaka yenyewe kana kwamba ilikuwa imelala usingizi.

Fundi wetu wa Kibaha alitueleza baadaye. Katika motakaa zenye kabureta, mfano wa ile yetu, petroli ikipata joto kali ndani ya bomba lake hugeuka mvuke, na pampu iliyoumbwa kusukuma maji maji haiwezi kusukuma mvuke. Injini hufa kwa njaa huku tangi limejaa. Dawa yake ni kungoja ipoe, au kufunga kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na bomba. Tangu siku hiyo mke wangu hakusafiri bila khanga moja kuukuu na chupa ya maji kwa kazi hiyo.

BONDE LA RUAHA

Ukipita mji mdogo wa Mikumi, unapanda na kushuka vilima vya Iyovi vyenye kona nyingi, kisha nchi hufunguka ghafula, nawe waona mibuyu. Ni mibuyu isiyohesabika, imesimama juu ya miteremko yote pande mbili za mto Ruaha Mkuu, na wakati wa kiangazi haina jani hata moja. Kijiji chenyewe huitwa Ruaha Mbuyuni. Watu wake hulima vitunguu kwa maji ya mto, na kando ya barabara mafungu ya vitunguu vyekundu hutundikwa mfano wa mapambo ya arusi.

Hewa ya bonde hili ni ya moto sana. Mtu ashukaye kutoka Iringa amevaa sweta hulivua hapa. Nasi tulikuwa na desturi ya kusimama chini ya kivuli, kufungua boneti, na kuiacha motakaa ipumzike kabla ya mlima. Tulinunua vitunguu, watoto wakala mahindi ya kuchoma, na mke wangu akatazama maji katika chupa ya rejeta na kuandika. Wachuuzi wa hapo walitufahamu. Mmoja wao, mama mtu mzima, alikuwa akituuliza, "Mwalimu, leo mtoto anaumwa au mzima?" akiwa na maana ya motakaa.

Njia hii haikuwa nzuri hivi siku zote. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru wake kinyume cha Uingereza, na nchi ya Zambia, iliyokuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, ikafungiwa njia yake ya kusini. Mafuta yake yakapaswa kupita Dar es Salaam. Malori yalichukua mapipa katika barabara ya udongo, na masika ilipofika yakateleza na kupinduka hata madereva wakaiita njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta lilimalizika, lenye urefu wa kilometa 1,710 hata Ndola, na katika miaka ya kwanza ya 1970 lami nayo ikakamilika. Mama yangu alikuwa msichana katika siku za mapipa. Aliniambia kwamba wao walijua masika imekwisha waliposikia malori yamerudi, hata kabla ya kutazama mawingu.

MLIMA KITONGA

Sasa nimefika mahali penyewe. Baada ya Mahenge barabara hujibana kati ya ukuta wa mlima na korongo, nayo hupanda kwa kona baada ya kona. Huo ndio Kitonga. Malori yanayopanda hutambaa kwa gia ya kwanza, na yanayoshuka hunuka breki. Si mara moja wala mbili lori limeshindwa hapo, na mabaki yake yakaonekana chini kwa siku nyingi. Ukikuta matawi ya majani mabichi yametupwa barabarani, fahamu kwamba mbele ya kona iko gari iliyokufa. Hiyo ni alama ya zamani ya madereva, na wote huiheshimu.

Kwa nini motakaa huchemsha hapa, na katika tambarare haichemshi? Sababu ni tatu, na inafaa wenye motakaa wazijue. Kwanza, injini inafanya kazi kubwa kuinua mzigo wote juu. Pili, mwendo ni mdogo nyuma ya malori, basi upepo wa kupoza rejeta haupo, ila ule wa feni tu. Tatu, kadiri unavyopanda maji huchemka upesi zaidi. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100 za joto. Lakini kwa kila meta 300 za kupanda, kiasi hicho hupungua yapata uzi mmoja, hata mjini Iringa, palipo juu kupita meta 1,500, maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kwa sababu hiyo kifuniko cha rejeta kina springi. Huyabana maji yasipate nafasi ya kuchemka, na maji yaliyobanwa sawasawa huweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Springi ikilegea, ulinzi huo wote umekwenda.

Tena liko jambo la hatari kubwa kuliko aibu ya kusimama njiani. Hedi ya silinda katika motakaa nyingi ni ya aluminiamu, na chini yake ni chuma. Aluminiamu ikipata moto hutanuka kuliko chuma. Ikipata moto wa kupita kiasi hupinda, gasketi huungua, na maji huanza kuingia mahali pa moto. Basi utaona maji yanapungua wala hayadondoki chini, na asubuhi moshi mweupe hutoka nyuma. Konokono ilifikia hali hiyo mwaka 2014. Fundi aliivua hedi, ikapelekwa kuchongwa ili iwe sawa, gasketi mpya ikatiwa, na mshahara wa mke wangu wa mwezi mmoja ukaishia hapo.

SAFARI YA 2017

Mwezi wa Agosti 2017 ndugu yangu alipiga simu kusema kwamba miguu ya Mama imevimba, na usiku hapati pumzi akilala chali. Daktari wa huko alishauri apelekwe kwa mabingwa wa moyo Dar es Salaam. Gari la wagonjwa lilikuwa na gharama tusiyoiweza. Katika basi asingeweza kukaa wima saa tisa. Ilibaki Konokono, ambayo katika daftari ilikuwa imekwenda Iringa mara 7, na mara 2 tu ilifika bila kusimama kwa lazima.

Mke wangu alisema, "Twende sote wawili. Wewe utaendesha, mimi nitasikiliza." Maana yeye alikuwa na sikio la kusikia injini ikibadili sauti kabla ya mimi. Tukamchukua na binti yetu mkubwa, ili amsaidie Bibi yake.

Tulifika Kitonga saa saba mchana. Bonde lilikuwa tanuri. Tulizima kipoza hewa, tukafungulia hita ili ichukue joto la injini, ijapokuwa sisi tuliokuwamo tulipikwa. Katika kona ya tatu sindano ilipanda. Katika kona ya nne mvuke ulitoka chini ya boneti. Nikavuta kando penye nafasi kidogo. Mke wangu akaruka na jiwe akaliweka nyuma ya tairi, binti akakata matawi na kuyatandika barabarani.

Karibu nasi lilikuwa limeegeshwa lori lililokuwa likishuka, dereva wake akiacha breki zipoe. Akaja na dumu la maji. Mke wangu alikuwa amekwisha kushika kitambaa ili afungue kifuniko. Dereva akamwambia kwa upole, "Dada, usifungue sasa. Maji hayo yatakurukia usoni. Mwacheni apumzike, mlima hauhami." Akakaa nasi juu ya jiwe karibu saa nzima, akatusimulia habari za watoto wake walioko Tunduma. Rejeta ilipopoa alituonyesha jinsi ya kufungua kifuniko kwa hatua, na jinsi ya kutia maji kidogo kidogo injini ikizunguka, kwani maji baridi mengi juu ya chuma cha moto hupasua. Hakutaka kupokea cho chote. Alikubali vitunguu tu.

Tukapanda hivyo, tukisimama mara nyingine mbili, tukapita Ilula penye masoko ya nyanya usiku umeingia, kisha Lugalo. Msomaji akipita Lugalo na akumbuke kwamba hapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mtwa Mkwawa walilivunja jeshi la Wajerumani, na mkuu wake Emil von Zelewski akauawa. Mkwawa mwenyewe alikufa 1898, na fuvu la kichwa chake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, nalo liko Kalenga, magharibi ya mji. Usiku ule hatukutazama ukumbusho wa vita. Tulitazama sindano.

Tulimkuta Mama ameketi kitandani ameegemea mito. Tukamsalimu, "Kamwene," naye akaitikia kwa sauti ndogo, kisha akauliza, "Mmekuja na lile joka lenye moshi?"

KUSHUKA NA MAMA

Ndugu zangu walikaa baraza. Mmoja akasema si akili kumweka mgonjwa katika chombo kilichosimama mara tatu jana. Kikifa bondeni, je? Mwingine akasema kuketi na kungoja nako ni kuchagua. Maneno yote mawili yalikuwa ya kweli, wala hapakuwa na mtu wa kuyapatanisha. Mama akasikia kutoka chumbani, akasema, "Mimi niliposwa nikaletwa hapa juu ya magunia ya mahindi, katika lori lisilo na paa, na mvua ikanyesha. Motakaa hii ina paa."

Asubuhi nilishuka Ipogolo, chini ya mji, kwa fundi kijana. Hakuanza na injini. Alianza na kifuniko cha rejeta, akakibonyeza kwa kidole gumba, nacho kikaingia kama godoro. Springi ilikuwa imekufa. Akanipa kipya, kisha akaosha mapezi ya rejeta kwa maji kutoka ndani kwenda nje, yakatoka matope na wadudu wa miaka mingi. Kazi yote ilichukua saa mbili, na malipo yake hayakuzidi bei ya chakula cha mchana cha watu wanne.

Tuliondoka kesho yake saa kumi na moja alfajiri, ili tulivuke bonde kabla ya jua kali. Mama alilala kiti cha nyuma, mgongo umeinuliwa kwa mito, miguu mapajani mwa binti yetu. Kitonga tuliteremka kwa gia ya pili, breki nikiigusa na kuiachia, maana mwenye kuikanyaga tangu juu hata chini hufika chini hana breki. Kila mtu alinyamaza. Mke wangu alifumba macho akisikiliza. Tulipovuka daraja la Ruaha akafumbua na kusema, "Inakwenda." Hakusema neno jingine hata Mikumi.

Katika mbuga tembo walikuwa kando ya barabara, mama na ndama wawili. Mama akaomba ainuliwe. Alikuwa amepita pale mara nyingi maishani, usiku katika mabasi, wala hajapata kuwaona. Akawatazama muda mrefu, pumzi zake zikikwaruza, akasema, "Kumbe wanatembea polepole kama sisi."

Saa kumi alasiri tulikuwa mlangoni pa hospitali. Madaktari walimpunguzia maji mwilini, wakampangia dawa za moyo, na baada ya wiki tatu aliweza kulala na mto mmoja. Aliishi miaka minne zaidi. Alifariki Aprili 2021, akiwa kwake, nasi tukapanda tena Kitonga kwenda kumzika. Safari hiyo motakaa haikusimama mahali po pote. Watoto waliliona jambo hilo, lakini hapana aliyelitamka.

HESABU YAKE

Mwaka 2024 tuliiachilia. Sababu haikuwa injini. Kutu ya pwani ilikuwa imekula sakafu na mahali springi za nyuma zinaposhikiliwa, na fundi wetu wa Kibaha alitwambia waziwazi, "Mwalimu, injini hutengenezwa, bodi ikioza hukuua." Tukamwuzia kijana mwenye gereji, anayewafundishia wanagenzi wake injini ile.

Mke wangu alijumlisha daftari. Matengenezo ya miaka 16 yalipita mara tatu ya bei tuliyoinunulia. Kwa fedha tupu, nauli ya basi ingalikuwa rahisi zaidi, na mtu anayeniuliza kama kununua motakaa kuukuu ni faida, namjibu hivyo bila kuficha. Wahenga husema, "Usiache mbachao kwa msala upitao," nasi mbacha wetu hatukuuacha. Lakini mbacha nao una gharama ya kushonwa, na nyumba ambayo haina akiba ya kushonea isiununue. Hiyo ndiyo shauri langu la kwanza kwa walimu vijana: mwenye fedha ya kununua tu, bado hajapata fedha ya motakaa.

Shauri la pili: tenganisheni kasoro za kukawiza na kasoro za kuua. Kabureta, plagi, mkanda na rejeta hukukawiza. Breki, usukani, tairi na bodi iliyooza huua. Za kwanza mtu anaweza kuishi nazo kwa saburi. Za pili hazina saburi hata siku moja.

Shauri la tatu: kabla ya mlima, tazameni vitu vidogo. Kifuniko, mkanda, mpira wa maji, na kiasi cha oili. Chukueni maji lita 10, kitambaa, tochi, jeki nzima, na daftari. Pandeni alfajiri au jioni. Msilifuate lori karibu. Mwacheni atangulie, mkae mahali penye upepo, kisha mpande kwa mwendo mmoja. Injini ikichemsha, msiifungue kwa moto wake.

Na mkiyaona matawi mabichi barabarani pale Kitonga, punguzeni mwendo, na kama mahali panaruhusu, simameni mwulize. Huenda aliye mbele ya kona hana haja ya fundi. Huenda ana haja ya dumu la maji, na mtu wa kukaa naye juu ya jiwe hata chuma kipoe.

Wasalaam. Wenu katika safari.